UZI: Moanin' ya Bobby Timmons, baa nane za kanisani zilizobeba hard bop nzima

Mzee wa Santuri:

Wakuu, heshima kwenu wote. Kwenye uzi wa santuri za zamani nimeulizwa kwa nini kila ikitajwa hard bop, ule mtindo wa jazi wa miaka ya 1950, natanguliza kibao kimoja, Moanin'. Jibu la mistari miwili halikitendei haki, kwa hiyo nimekifungulia uzi wake. Nitashusha kwa awamu. Mwenye swali aulize papo hapo.

Kilirekodiwa tarehe 30 Oktoba 1958, Hackensack, New Jersey, sebuleni kwa wazazi wa Rudy Van Gelder. Ilikuwa sebule kweli. Van Gelder mchana alikuwa akipima watu macho, na kazi ya kurekodi aliifanyia nyumbani kwao, kwenye chumba ambacho kimetupa sauti tunayoitambua leo kwamba hii ni Blue Note, kampuni ya santuri. Bendi ni Art Blakey and the Jazz Messengers: Blakey mwenyewe kwenye dramu, Lee Morgan tarumbeta, Benny Golson saksafoni ya tena, Jymie Merritt besi, Bobby Timmons piano. Mtunzi ni Timmons. Alikuwa na miaka 22, na Morgan aliyekaa mbele na tarumbeta alikuwa na miaka 20.

Blakey alitoka Pittsburgh. Wengine wote wanne ni watoto wa Philadelphia. Golson ndiye aliyekuwa akiisimamia bendi kimuziki, na ilipotakiwa kujengwa upya alikwenda kuwachukua vijana wa mji wake ambao alishajua wanavyopiga. Ndiyo maana wanasikilizana vile.

Sasa turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1940 Charlie Parker na Dizzy Gillespie waliipeleka jazi mbali sana kwa mtindo ulioitwa bebop: kasi, kordi (noti kadhaa zinazolia pamoja) zinazobadilika kila mara, muziki wa kukaa kitini na kutega sikio. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, hasa upande wa California, ukashika mtindo mwingine wa sauti laini na mpangilio wa utulivu. Vijana weusi wa New York, Philadelphia na Detroit hawakutaka kuutupa ufundi wa Parker, ila waliona kuna kitu kimeachwa nyumbani. Wakairudishia jazi blues na kanisa. Hiyo ndiyo hard bop kwa ufupi wake.

Mpiga piano Horace Silver, aliyeianzisha Messengers pamoja na Blakey, alitunga The Preacher mwaka 1955, na Alfred Lion mwenye Blue Note hakukitaka kibao hicho. Silver akashikilia mpaka kikarekodiwa. Mwaka uliofuata Silver akaondoka, jina la Messengers likabaki mikononi mwa Blakey.

Na tukumbuke hali ya nchi yenyewe. Mgomo wa mabasi wa Montgomery ulianza Desemba 1955 na ulipangwa makanisani. Mwaka 1957 wanafunzi tisa weusi waliingia shule Little Rock wakisindikizwa na wanajeshi. Kijana mweusi aliyeileta sauti ya kanisa kwenye klabu ya usiku wakati huo alikuwa anasema yeye ni nani na anatoka kwa nani.

Timmons hakuhitaji kwenda kuitafuta sauti hiyo. Baba yake alikuwa mchungaji. Babu yake aliyemlea naye alikuwa mchungaji, na Timmons alikuwa akipiga ogani kwenye kanisa la babu huyo.

Binti Makorora:

Nimeweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

Mwalimu wa Kwaya:

Mzee, naomba usipite haraka kwenye muundo. Mimi nafundisha kwaya, kibao hiki nimekisikia mara nyingi redioni, na kila nikikisikia nahisi nakijua tangu utoto. Nataka nijue ni kwa nini.

Mzee wa Santuri:

Mwalimu, umeuliza penyewe.

Kibao kina baa 32 (baa ni kipimo cha muziki, hapa kila moja ina mapigo manne), zimegawanywa vipande vinne vya baa nane nane. Nane za kwanza, nane zinazorudia, kisha kipande cha kati cha baa nane, kisha zile za mwanzo zinarudi. Ni umbo la kawaida la nyimbo za Marekani, nyimbo za mapenzi zisizo na idadi zimejengwa hivyo. Angalia alichokiweka Timmons ndani yake.

Piano inaanza. Haina utangulizi wowote, inaingia na kuita. Ni kipande kifupi cha noti za blues kwenye F maina, kinapanda kidogo na kushuka. Kinapokoma, bendi inajibu kwa milio miwili. Piano inaita tena, jibu lile lile. Nane zinazofuata wanabadilishana: tarumbeta na saksafoni ndizo zinazoita, na wengine ndio wanaoitikia.

Sasa ile milio miwili. Chukua solfa yako, Mwalimu. Ni kordi ya fa inayoshuka kwenye ya do. Waambie kwaya yako waimbe mwisho wa tenzi, pale wanapofunga na "A-mi-na". Ndicho hicho hicho, hakijaongezwa wala kupunguzwa. Ndiyo maana unahisi unakijua tangu utoto.

Na kuna jambo ambalo wengi hulipita. Wito umejaa noti za kilio, uko kwenye maina, ngazi yenye huzuni. Jibu liko kwenye meja, ngazi iliyochangamka. Anayeita ana mzigo, wanaomwitikia wamesimama imara. Mambo mawili tofauti yanakaa ndani ya pumzi moja, na hakuna aliyesema neno hata moja. Jon Hendricks alipokuja kukiandikia maneno ili kiimbwe na kundi lake la Lambert, Hendricks & Ross, pale penye jibu aliweka maneno ya kumwitikia Bwana. Asingeweza kuweka kingine, sauti zilikuwa zimeshasema.

Mwalimu wa Kwaya:

Nimekaa kwenye kinanda nikajaribu sasa hivi. Fa, do. Ni kweli kabisa. Na wito wenyewe ni pambio! Msolo anaanzisha, kanisa linadaka.

Kamba Nne:

Hapo nakubaliana na mzee, ila kama mpiga besi nasema raha yangu iko kwenye kipande cha kati. Hapo ndipo Merritt anapoachiwa atembee.

Mzee wa Santuri:

Kamba Nne umenifungulia mlango wa awamu ya pili, maana kipande cha kati kina historia yake, na kwangu mimi ndicho kilichookoa kibao kizima.

Golson alikuwa akiisimulia hivi, na aliendelea kuisimulia hadi uzeeni. Amefariki Septemba 2024 akiwa na miaka 95. Timmons alikuwa na zile baa nane tu. Alikuwa akizipiga jukwaani kati ya kibao na kibao, wakati wengine wanapumua au wanakubaliana kipi kifuate. Kwake zilikuwa za kujazia nafasi. Golson akazisikia, akamwambia aongeze kipande cha kati kiwe kibao kamili. Timmons hakuona kama kuna kitu pale. Golson akaitisha mazoezi, akamkalisha kwenye piano mpaka akakitunga. Hata alipomaliza, mtunzi mwenyewe hakuridhika nacho sana. Golson akamwambia wakipige mbele ya watu, watu ndio watakaosema. Watu wakasema.

Kwa nini nasema kipande hicho ndicho kilichookoa? Zile baa nane za wito na jibu zina kusimama ndani yake. Piano inaita ikiwa karibu peke yake, bendi inadondosha jibu, kimya kidogo, inaita tena. Ukizirudia hizo tu kwa dakika tisa msikilizaji atachoka, hata kama ni mlokole. Kipande cha kati kinapoingia, kusimama kunakwisha. Besi inaanza kutembea pigo kwa pigo, nne kwa kila baa. Sahani ya Blakey inaachia swingi. Tarumbeta na saksafoni zinakwenda pamoja kwa sauti zilizopangwa, na kordi zinaanza kusafiri kama zinavyosafiri kwenye bebop. Kwa baa nane umetolewa kanisani ukaingizwa klabuni. Halafu wito unarudi, na safari hii unausikia kwa uzito kwa sababu ulikuwa umeondoka.

Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa kwenye uzi huu. Watu husema Moanin' ni gospel iliyopigwa na wanajazi. Hapana. Gospel peke yake ilikuwepo miaka mingi kabla, na bebop peke yake ilikuwepo. Kibao hiki kinaziweka zote mbili kwenye baa 32, kinazibadilisha mbele ya masikio yako, na hakijaribu kuzichanganya zikapoteza ladha. Mtoto wa mchungaji alileta nane, msomi wa bendi akamlazimisha kuleta nane nyingine. Kosa mmoja wao, hatuna kibao.

Binti Makorora:

Nimeirudia mara nyingine baada ya kusoma hapa, nikalisikia hilo badiliko la besi. Kabla ya hapo nilikuwa nasikia tu kwamba "kinachangamka". Sasa nisaidie kwenye solo, maana hapo napotea.

Mzee wa Santuri:

Dada, fanya hivi. Wimbo wenyewe mara ya kwanza unachukua karibu dakika moja. Dakika hiyo inapokwisha Lee Morgan anaingia. Usihesabu chochote, sikiliza anavyoanza: maneno machache, anayasema kwa kukaza, ananyamaza, anayarudia kwa kuyapinda. Kijana wa miaka 20 ambaye tayari alikuwa ametoka bendi kubwa ya Gillespie, aliyekwisha kurekodi na mpiga saksafoni John Coltrane mwaka mmoja nyuma. Vidole vyake vingeweza kumwaga noti mfululizo. Anachagua kulia kwanza. Noti za kasi zinakuja baadaye, akishakuvuta. Na sikia namna anavyozibana noti nyingine nusu, zinatoka kama mtu anayeongea na koo limejaa.

Anapomaliza, zingatia msemo wake wa mwisho kabisa. Golson anaudaka huo huo na kuanzia hapo hapo na saksafoni yake. Hapo ndipo utajua wanaishi ndani ya wito na jibu hata wakati wa solo. Golson ana sauti nene, ya kizamani kidogo, anapanda taratibu mpaka anakaribia kupiga kelele.

Kisha Timmons mwenyewe. Anaanza na noti moja moja mkono wa kulia, kama mpiga bebop yeyote aliyefunzwa vizuri. Kadiri anavyokwenda mikono inakaribiana, noti zinakuwa kordi nzito, kordi zinarudiwarudiwa, na ghafla uko kwenye ibada ya jioni. Merritt anafuata na besi, kwa utaratibu, bila kutaka kuonekana. Halafu wimbo unarudi.

Katika yote hayo weka sikio kwa Blakey. Haihati, zile sahani mbili za kukanyagwa kwa mguu, inafungwa kwenye pigo la pili na la nne bila kukosa, kama makofi ya waumini. Mmoja akikaribia kumaliza zamu yake, Blakey anazisugua fimbo kwenye ngozi ya dramu ndogo, mviringo unaanzia chini, unajaa, unajaa, unamsukuma mpigaji aingie zamu inayofuata akipenda asipende. Wapigaji wengi waliopita kwake walikuja kusema walijifunza kujenga solo kwa sababu ya msukumo huo.

Pigo la Tano:

Samahani wadau, Moanin' ninayoijua mimi inaanza na saksafoni nzito ya baritoni inanguruma peke yake. Sijasikia piano inayoita. Tunaongelea kibao kimoja kweli?

Mzee wa Santuri:

Mkuu, hicho ni cha mpiga besi Charles Mingus, kiko kwenye santuri ya Blues & Roots, kilirekodiwa Februari 1959. Jina moja, vibao viwili, na havina noti ya kushirikiana. Anayenguruma hapo ni Pepper Adams. Mingus naye alikuwa analirudia kanisa alilokulia, lakini njia yake ni nyingine: anapandanisha sauti juu ya sauti mpaka zinakuwa umati wa watu wanaoomba kwa pamoja kila mtu na lake. Ni kizuri sana. Kinastahili uzi wake.

Coltrane Tu:

Naheshimu kazi ya mleta uzi, lakini niseme ninachoamini. Mwaka 1959 Miles Davis anatoa Kind of Blue, Ornette Coleman anabadilisha kila kitu, Coltrane anarekodi Giant Steps. Mbele ya hayo, Moanin' ni kibao chepesi cha kufurahisha watu. Hata wakati ule wako waliosema muziki huu wa "soul" umekuwa bidhaa.

Mzee wa Santuri:

Ndugu yangu Coltrane Tu, hoja yako ni ya kweli kihistoria, waliosema hivyo walikuwepo. Kilichofuata baada ya Moanin' kilitoa nafasi ya kusema hivyo, maana kila kampuni ilitaka pambio lake, na mengine yalikuwa matupu.

Lakini geuza santuri hiyo hiyo. Sikiliza Along Came Betty ya Golson, kiko hapo hapo, wapigaji wale wale, siku ile ile. Kordi zake zinapinda na kuhama kwa namna ambayo mpaka leo wanafunzi wa jazi wanaitolea jasho. Yuko Lee Morgan yule yule aliyesimama pembeni ya Coltrane kwenye santuri ya Blue Train mwaka 1957 bila kuyumba. Watu hawa waliweza kupiga kigumu kadiri walivyotaka. Kwenye Moanin' walichagua kitu ambacho mama aliyetoka kanisani Jumapili angekielewa kwenye baa ya pili. Kumfikia mama huyo bila kushusha ufundi ni kazi, na ni wachache walioiweza. Mimi sikubali kwamba kinachoeleweka upesi kimefikiriwa kidogo.

Coltrane Tu:

Along Came Betty sijaisikiliza kwa makini. Nitaisikiliza. Kwenye Giant Steps lakini sirudi nyuma.

Kamba Nne:

Mzee, Timmons mwenyewe aliishia wapi? Jina lake halitajwi kama la Silver.

Mzee wa Santuri:

Hapo ndipo panaponiuma.

Mwishoni mwa 1958 bendi ilikwenda Ulaya. Paris walikipiga ukumbi wa Olympia, na Desemba wakakipiga tena Club Saint-Germain, na Wafaransa walikipokea kama wimbo wao. Januari 1961 Messengers wakaenda Japani, na huko Moanin' iliwafanya Wajapani wengi kuanza kuipenda jazi. Inasimuliwa mpaka leo kwamba hata vijana wa kupeleka tambi majumbani walikuwa wakikipiga mluzi njiani. Hata santuri yenyewe haikupewa jina hilo mwanzoni, ilitoka kwa jina la Art Blakey na bendi yake. Ni kibao ndicho kilichoipa santuri jina.

Timmons alihamia kwenye bendi ya mpiga saksafoni Cannonball Adderley mwaka 1959, akaleta This Here, nacho kikapendwa mno. Huko huko akatunga Dat Dere, kisha akarudi kwa Blakey. Vibao vitatu vya namna hiyo ndani ya muda mfupi, na hapo akawa amejifungia. Kila alikokwenda watu walitaka pambio. Yeye alikuwa mpiga piano kamili: alijua baladi, alijua bebop, alijua kuwasindikiza waimbaji na wapulizaji. Hakuna aliyemwuliza hayo. Pombe ikamshika. Alifariki tarehe 1 Machi 1974 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 38. Lee Morgan alikuwa ameshamtangulia miaka miwili kabla, alipigwa risasi klabuni New York, miaka 33.

Silver aliishi hadi 2014 na aliongoza bendi yake mwenyewe. Timmons alitumikia bendi za wengine katika miaka yake mizuri, na jina kubwa kwenye jalada likawa la wengine. Kwa hiyo ukikipiga kibao hiki mbele ya watu, taja mtunzi.

Bahari ya Hindi:

Salaam kutoka Mombasa. Ahsante sana kwa uzi. Nimesikia watu hawa wa Messengers walikuwa na mwelekeo wa huku kwetu, je kuna ukweli?

Mzee wa Santuri:

Upo. Lee Morgan, tarehe 15 Februari 1964, alirekodi kibao alichokiita Mr. Kenyatta, miezi miwili tu baada ya bendera ya Kenya kupandishwa. Kiko kwenye santuri ya Search for the New Land. Piano anapiga Herbie Hancock, ambaye miaka michache baadaye alijiita Mwandishi na bendi yake yote ikachukua majina ya Kiswahili: Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart akawa Jabali, Eddie Henderson akawa Mganga. Na kabla ya yote hayo, mwaka 1955 Quincy Jones alitunga kibao kinachoitwa Swahili kwa ajili ya mpiga tarumbeta Clark Terry, na kwenye dramu alikuwa Art Blakey.

Bahari ya Hindi:

Hiyo ya Quincy Jones sikuijua kabisa. Naitafuta leo leo.

Binti Makorora:

Swali la mwisho kwangu, mzee. Nikishaizoea ile ya 1958, niende kwa ipi?

Mzee wa Santuri:

Kwanza ile ya Club Saint-Germain, Paris. Wapigaji ni wale wale, lakini kuna watu mbele yao. Mwanapiano Hazel Scott alikuwa ukumbini, na wakati Timmons anapiga solo anashindwa kujizuia, anapaza sauti akimwita Bwana aturehemu. Sauti yake imebaki kwenye rekodi. Mpiga piano mkubwa akiitikia wito wa mpiga piano kijana, kwenye klabu ya chini ya ardhi Paris.

Halafu tafuta This Here Is Bobby Timmons, ya Januari 1960, yeye na Sam Jones kwenye besi na Jimmy Cobb kwenye dramu. Hakuna tarumbeta wala saksafoni ya kumjibu. Piano ndiyo inayoita na piano hiyo hiyo ndiyo inayodondosha Amina. Ianze hapo usiku ukiwa umetulia, kisha uje uniambie ipi umeipenda zaidi, maana mimi kwenye hizo mbili bado sijachagua.